Shajara ya mradi: fremu moja ya kadi maksimamu za Afrika Mashariki

Januari, mpango

Nimeona bora niwe naandika kila hatua ya huu mradi, kwanza nijue nini kimefika na nini bado, pili najua kuna wengine huku kwetu wana stempu nzuri zimelala kwenye albamu na hawajawahi kufikiria kama zinaweza kusimama mbele ya majaji wa dunia. Mradi ni huu: fremu moja, yaani kurasa 16 za A4, kadi maksimamu tupu, mada ni sehemu za Afrika Mashariki zilizochorwa kwenye stempu, na inaenda kwenye mashindano ya kimataifa yanayotumia kanuni za FIP, lile shirikisho la dunia la wakusanya stempu ambalo lipo tangu 1926. Fremu moja haipewi medali, unapewa pointi kati ya 100 na cheti, medali ni za wale wa fremu tano na nane. Kwangu sawa kabisa. Nataka jaji asimame pale asome kadi moja moja.

Kwa asiyejua, kadi maksimamu ni postikadi, stempu na muhuri wa posta vikikutana. Stempu inabandikwa upande wa picha, sio nyuma kama tulivyozoea, muhuri unagonga stempu na kadi kwa pamoja, afu vyote vitatu lazima viongee kitu kimoja. Picha na mchoro wa stempu viwe vya kitu kilekile, muhuri uwe wa mahali panapohusika na hicho kitu, na tarehe iwe ndani ya muda ambao stempu ilikuwa inatumika, ikiwa karibu na siku ilipotoka ndo bora zaidi. Mada, mahali, wakati. Ukikosa kimoja kadi imeanguka, hata iwe inapendeza vipi.

Mambo haya yalianza kama raha tu. Watalii walikuwa wanafika Misri, stempu za Misri za wakati ule zina Sfinksi na piramidi, kadi za madukani zina Sfinksi na piramidi, mtu anabandika stempu upande wa picha kwa ajili ya kupendeza, posta inagonga muhuri, kadi inasafiri kwenda Ulaya. Baadaye Wafaransa, Wabelgiji, Waromania na Wareno wakaifanya kazi ya kusomea kabisa, na leo ina kanuni zake na majaji wake.

Nimechagua Afrika Mashariki kwa sababu moja ambayo ndo nguvu ya fremu nzima, nayo ni MAHALI. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja miaka mingi, majina yote matatu kwenye karatasi moja ndogo, kwahiyo stempu yenye Mlima Kilimanjaro ilikuwa inauzwa Kampala, inauzwa Mombasa, inauzwa Tabora, na mihuri unayoikuta juu yake ni ya popote pale. Mtu wa Ulaya akiiona anaona Afrika basi, imeisha. Mi nataka akifika kwenye fremu yangu aone kwamba huu mlima una posta yake, lile ziwa lina posta yake, na lile daraja lina posta yake, na muhuri ndo unairudisha stempu nyumbani.

Januari mwishoni, orodha ya stempu

Nimekaa na katalogi mpaka macho yanauma. Uti wa mgongo wa fremu ni seti ya 1935 ya Mfalme George V na ile ya 1938 ya George VI, maana michoro ni ileile kwa kiasi kikubwa: korongo mwenye taji, jahazi kwenye Ziwa Victoria, simba, Mlima Kilimanjaro, Daraja la Jinja kando ya Maporomoko ya Ripon, na Ziwa Naivasha. Ukiangalia vizuri karibu yote ni mahali penye jina. Korongo na simba nimewaweka pembeni kwa sasa, mnyama anatembea, na jaji akiniuliza huyu simba ni wa wapi jibu linakuwa refu bila sababu.

Afu inakuja 1954 ya Malkia Elizabeth, humo kuna Bwawa la Owen Falls, Kilimanjaro tena, na Royal Lodge ya Sagana, ile nyumba ya upande wa Nyeri ambako binti mfalme alikuwa amefikia Februari 1952 alipopata habari baba yake amefariki na yeye ndo malkia. Halafu 1960, hii seti naipenda kuliko zote kwa michoro: Kreta ya Ngorongoro na nyati, ziwa la kreta na Milima ya Mwezi, yaani Ruwenzori, Maporomoko ya Murchison na viboko, Kilimanjaro na twiga. Kisha uhuru, Tanganyika 1961, kuna simba wa Serengeti, kuna ufukwe wa Dar es Salaam, kuna mwenge juu ya Kilimanjaro. Tanzania 1965. Na mwisho kabisa seti ya reli ya 1976, ambayo ina jambo lake nitalieleza nikifika huko.

Zanzibar inakaa kwenye kurasa zake maana ilikuwa na stempu zake peke yake tangu miaka ya 1890 mpaka miaka michache baada ya Mapinduzi.

Kilichonipa mawazo ni stempu za Wajerumani, za Deutsch-Ostafrika. Zile za kuanzia 1901 mchoro wake ni meli Hohenzollern, boti ya Kaiser. Stempu ya nchi yetu lakini ndani yake hamna hata mnazi mmoja, ni meli ya mfalme wa mbali. Ukitaka kuifanyia kadi maksimamu unahitaji postikadi ya hiyo meli, na mahali panakuwa hapashikiki kwa mada kama yangu. Nimeiacha nje ya fremu, ila kwenye ukurasa wa kwanza nitaweka sentensi moja kuitaja, maana inaonyesha kwanini 1935 ni hatua kubwa: mtu wa Moshi au Jinja kwa mara ya kwanza anaona kwake kwenye stempu.

Februari, kutafuta kadi

Hapa ndo kazi ilipo. Kanuni za kadi ni kali. Ukubwa usipungue sentimita 9 kwa 14 na usizidi 10.5 kwa 14.8, picha ichukue angalau robo tatu ya upande wake, na kadi iwe ni kadi kweli, ile iliyochapwa na kuuzwa. Huruhusiwi kukata picha ya gazeti au kalenda ukabandika, huruhusiwi kupiga picha na simu ukaprinti stationari, huruhusiwi kuunganisha picha kwenye kompyuta. Na kadi isiwe inarudia mchoro wa stempu wenyewe, maana hapo unakuwa umebandika kitu juu ya kivuli chake. Inatakiwa iwe imekuwepo sokoni kabla stempu haijatoka, ikiwezekana.

Mi naona hizi kanuni ni za haki. Zinakulazimisha utafute ushahidi kwamba watu walikuwa wanapaangalia pale mahali na kupapenda kabla posta haijapachora.

Kwa stempu za zamani hamna namna ya kutengeneza leo, stempu ya 1938 huwezi kuipeleka kaunta sasa hivi wakakugongea muhuri, wakati umeshapita. Ni lazima uikute tayari, imebandikwa upande wa picha na mtu wa enzi hizo, aidha mkusanyaji aliyejua anachofanya au mtu tu aliyetaka shangazi yake aone mlima na stempu ya mlima kwa pamoja. Kwahiyo natafuta kwa wauza vitu vya kale, kwenye minada ya mtandaoni ya Ujerumani na Uingereza, na kwa familia. Wauzaji wengi wanaweka kadi kwenye boksi la picha za Afrika na hawaangalii stempu, wengine wanaangalia stempu na hawaangalii picha, kwahiyo kadi ambayo vyote viwili vinaongea inaweza kuwa imelala katikati ya takataka kwa bei ya chai.

Nimeshapata ya Kilimanjaro ya George VI. Kadi ni picha nyeusi na nyeupe, theluji inaonekana safi, stempu juu kulia, muhuri wa Moshi umekaa robo kwenye stempu na uliobaki kwenye anga. Nilipoiona nilinyamaza kidogo kwanza. Hii ni ukurasa wa pili, haina mjadala.

Machi, Jinja

Nimetumia mwezi mzima karibu kwenye Jinja peke yake na sijutii. Hebu fikiria: stempu ya 1935 na 1938 inaonyesha daraja la reli la Jinja kando ya Maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Yale maporomoko leo hayapo. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954 maji yalipanda yakayafunika. Kwahiyo stempu inaonyesha kitu ambacho mtu wa leo akienda Jinja hakioni, na postikadi zote za Ripon kwa lazima ni za kabla, na muhuri wa Jinja kwenye stempu ile ni wa wakati ambao mtu wa posta angeweza kutoka nje akatembea mpaka kwenye maporomoko yenyewe. Mada, mahali na wakati vimefungana mpaka huwezi kuvitenganisha.

Na ndo maana nataka Ripon na Owen Falls zikae ukurasa mmoja, juu na chini. Kadi mbili kwa ukurasa zinaenea vizuri zikilazwa. Juu maporomoko, chini bwawa lililoyafunika. Kwa bwawa ipo stempu moja naiota: Aprili 1954 Malkia alikuja Uganda kulifungua, tarehe 29, na siku moja kabla posta walitoa ile stempu ya senti 30 ya Owen Falls ikiwa na maandishi ya ziara ya kifalme. Kadi ya bwawa, stempu ile, muhuri wa Jinja wa Aprili 1954. Ikipatikana hiyo jaji hana la kusema kwenye wakati.

Jamaa yangu mmoja wa Kampala, mzee anayekusanya tangu ujana wake, nilimpigia. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana, Jinja tena?" Akacheka, akasema ya Ripon anayo, sio ya kuuza, ila ananiazima kwa ajili ya kuisoma tu. Nikamwambia kanuni zinataka vitu viwe mali ya mshiriki. Akakaa kimya, afu akasema basi tubadilishane, akataka seti yangu ya ndege ya Uganda ya 1965 ambayo haijagongwa muhuri. Ile seti nimeipenda sana. Nimempa.

Ya Ripon sasa iko mezani kwangu. Picha ni ya chini ya maporomoko, daraja linaonekana nyuma, stempu ni ya George VI, muhuri Jinja unasomeka herufi zote. Kona moja ya kadi imekunjika kidogo. Hali ya vitu ni pointi 10 na uhaba ni 20, kwahiyo kona iliyokunjika kwenye kadi ya namna hii naibeba bila wasiwasi, ningekuwa nayo kwenye kadi ya kawaida ningeitafutia nyingine.

Aprili, jahazi na Zanzibar

Jahazi la Ziwa Victoria, senti 5 ya 1935. Wakusanya stempu wanaijua kwa jambo moja dogo: kuna ambazo kamba imegusa tanga na kuna ambazo kamba haijagusa tanga. Kwenye kadi maksimamu hiyo tofauti haibadilishi upatanifu, yaani kule kuongea kitu kimoja, jahazi ni jahazi, ila ukiandika chini ya kadi kwamba hii ni ya kamba iliyogusa, jaji anaona unajua unachoshika, na maarifa ndo fungu kubwa la pointi kwenye haya mashindano. Muhuri ninaoutaka ni Kisumu. Mwanza nayo ingekubalika, Entebbe pia, ziwa ni lile lile, lakini Kisumu ilikuwa bandari ya reli na nimeona kadi kadhaa za majahazi zilizochapwa kwa ajili ya watu waliopita pale, kwahiyo ndo naitafuta hiyo hiyo.

Zanzibar mambo ni matamu zaidi. Wapiga picha wa Unguja walikuwa wanachapa kadi nyingi sana mwanzoni mwa karne ya 20, A. C. Gomes na wanawe, ndugu Coutinho, P. de Lord, na stempu za Sultan Khalifa bin Harub za 1913 zina jahazi kwenye thamani za juu. Kadi ya Gomes yenye majahazi bandarini, stempu ya jahazi, muhuri wa Zanzibar: inawezekana kabisa, ila thamani za juu hazikuwa za kutuma postikadi, mtu alihitaji kubandika rupia nzima mahali pa senti chache. Mkusanyaji tu ndo angefanya hivyo. Ndo maana zinaonekana kwa nadra na ndo maana bei zinapaa. Ile ya 1936 ya miaka 25 ya Sultan, yenye jahazi pia, ni rahisi kidogo kuipata.

Ninayoitaka zaidi kwa Zanzibar ni ya 1957, Msikiti wa Dimbani, Kizimkazi. Ule msikiti una maandishi ya Kufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, ukutani ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ni katika ushahidi wa zamani kabisa wa Uislamu kwenye pwani yetu ambao bado unasimama na unasaliwa. Kwenye fremu iliyojaa milima na mabwawa nataka jaji wa Ulaya au Asia asimame hapo aone kwamba mahali petu pana miaka 900 ya maandishi. Postikadi za Dimbani za kabla ya 1957 ni chache mno. Nimeandika barua kwa watu watatu Unguja, mmoja ameshajibu kwamba baba yake alikuwa anauza kadi Forodhani na boksi bado lipo darini. Nasubiri.

Mei, kadi za kutengeneza leo

Fremu yangu sio ya makumbusho tupu. Kurasa za mwisho nataka ziwe za stempu zinazouzwa kaunta sasa, kadi inayouzwa sasa, muhuri wa sasa, ili ionekane hii kazi inaendelea. Na hapa kila mtu anaweza kuingia hata kama hana hela ya minada.

Namna ya kufanya, kwa anayetaka kujaribu: tafuta kwanza stempu mpya yenye mahali penye jina. Afu tafuta postikadi ya pale pale, ile ya duka la watalii yenye picha moja, sio zile zenye picha nne nne zimepangwa kama madirisha. Bandika stempu upande wa picha, sehemu ya anga au pembeni isiyoziba kitu cha maana. Moja tu, usijaze. Nenda posta ya pale pale, omba muhuri wa tarehe ugongwe mmoja, wino uwe umekolea ila usitapakae, robo ya duara juu ya stempu na robo tatu juu ya kadi, ili jina la mji na tarehe visomeke.

Kuna ofisi moja sitaitaja ambapo kijana wa kaunta alikuwa ameshanyanyua ule muhuri wa kufutia wenye mistari, anataka kuugonga katikati ya stempu kama anaua nzi, nikamwahi. Ila mwingine, mama mtu mzima, aliponiona nimebandika upande wa picha akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, hii umebandika upande sio." Nikamwamkia, nikamweleza, nikatoa kadi ya zamani ya Moshi nikamwonyesha. Akaishika kwa ncha za vidole, akasoma tarehe, akasema "huu muhuri mimi nimeukuta wakati naanza kazi", kisha akafungua droo, akasafisha muhuri wake kwa kitambaa, akapima kwenye karatasi chafu mara mbili, ndo akagonga yangu. Imekaa vizuri kuliko zote nilizowahi kugongewa. Kama mna mama wa namna hii posta ya kwenu, mshikeni sana, jifunzeni jina lake na mpelekeeni salamu za sikukuu.

Kuhusu kuituma au kutoituma: kanuni hazilazimishi kadi isafiri, muhuri wa kaunta unatosha, kadi unarudi nayo mkononi. Mi naona ni vizuri, usafiri unakwaruza.

Juni, reli ya 1976

Niliahidi kueleza. Mpaka katikati ya miaka ya 70 stempu za pamoja zilikuwa na majina ya nchi zote tatu. Mwaka 1976, Jumuiya ikiwa inaelekea kuvunjika, na 1977 ikavunjika kweli, michoro ilikuwa ni ya pamoja ila kila nchi inatoa stempu yenye jina lake. Seti ya usafiri wa reli ina michoro minne: reli ya Tanzania na Zambia, daraja la Nile Uganda, stesheni ya Nakuru Kenya, na injini ya kwanza kwanza ya Reli ya Uganda ya 1896. Kwahiyo ipo stempu ya TAZARA iliyoandikwa Kenya, na ipo stempu ya stesheni ya Nakuru iliyoandikwa Tanzania.

Kwa mkusanyaji wa kawaida ni seti tatu zinazofanana. Kwa kadi maksimamu ni mtihani. Kadi ya stesheni ya Nakuru ikibandikwa stempu ya Tanzania haiwezi kugongwa Nakuru, maana Nakuru inauza za Kenya. Ikigongwa Dar mahali panakataa. Kwahiyo kati ya stempu zote hizo ni tatu tu zinazorudi nyumbani: ya Kenya kwa Nakuru, ya Uganda kwa daraja, ya Tanzania kwa TAZARA. Hizi tatu nataka zikae pamoja kwenye ukurasa mmoja na nusu, na maelezo yaseme wazi kwanini nimeacha zile nyingine. Kwa maoni yangu hapo ndo fremu nzima inajieleza, mtu akielewa ule ukurasa ameelewa ninachosema tangu mwanzo.

Nakuru nimeipata kwa jamaa wa Eldoret, tulikutana kwa njia ya simu tu, akatuma kwa basi akiwa ameiweka katikati ya vipande viwili vya hadibodi ngumu. Picha ni ya jengo la stesheni kwa mbele. TAZARA kadi ninayo ya stesheni ya Dar, stempu ni ya 1976, muhuri Dar es Salaam. Kuna ubishi kidogo hapa, stempu inaonyesha treni njiani na kadi yangu ni jengo. Upatanifu wa mada unataka kinachoonekana kwenye stempu kionekane kwenye kadi, na jengo pekee ni dhaifu. Natafuta yenye treni.

Julai, fuvu la Zinjanthropus

Stempu ya Tanzania 1965, shilingi 1 na senti 30, fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, na uchimbaji Olduvai. Mary Leakey alilipata Julai 1959, na fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Sasa mahali ni wapi? Tumebishana na rafiki yangu wa Arusha simu mbili nzima. Yeye anasema Olduvai ndo mahali, muhuri uwe wa upande wa Arusha, fuvu limetoka kule. Mi nasema inategemea kadi inaonyesha nini. Kadi ya bonde na uchimbaji inataka muhuri wa kaskazini. Kadi ya fuvu lenyewe kwenye kabati la makumbusho, Dar inafaa, maana ndipo kitu kilipo na ndipo mtu angenunua kadi. Stempu ina vitu viwili ndani, kwahiyo ina nyumba mbili, na zote halali.

Nimeamua kuweka kadi mbili, moja ya kila upande, kwa stempu ileile. Ya Dar ninayo. Ya Arusha rafiki yangu anayo na amekubali kuniuzia, nadhani kwa sababu anataka ubishi wake nao uonekane na majaji.

Vilevile Kilimanjaro na twiga wa 1960. Picha nyingi za mlima na twiga kwa pamoja zimepigwa upande wa Amboseli, Kenya, kwasababu kule ni tambarare. Lakini mlima uko Tanganyika. Stempu ya wakati ule ilikuwa halali nchi zote, kwahiyo Moshi inasimama, na muhuri wa upande wa Loitokitok nao ungesimama, mlima haujui mpaka. Ninayo ya Moshi. Mwenge wa 1961 juu ya mlima nimeushusha kwenye orodha, mada kuu ya stempu ni mwenge, na kadi ya mlima peke yake inaiacha nusu.

Agosti, kupanga kurasa

Nimeanza kupandisha kadi kwenye karatasi. Kona za plastiki zisizo na asidi, hamna gundi wala selotepu karibu na hii meza. Karatasi nyeupe iliyotulia, sio nyeupe kali, kadi za zamani zina rangi ya maziwa na karatasi kali inazifanya zionekane chafu. Muonekano ni pointi 5 tu, kwahiyo sijahangaika na mapambo, mistari miembamba na maandishi ya ukubwa mmoja.

Chini ya kila kadi naandika mistari miwili, isizidi mitatu: stempu ni ipi na ya mwaka gani, kadi mchapaji wake nani kama anajulikana, muhuri wa wapi na kwanini wa hapo. Hilo "kwanini wa hapo" ndo roho ya maelezo, mengine jaji anayaona kwa macho. Ukurasa wa kwanza una mpango na ramani ndogo, na kila posta iliyoingia kwenye fremu ina nukta yake: Moshi, Jinja, Kisumu, Naivasha, Nyeri, Nakuru, Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar. Mpangilio nimeufuata wa safari, kutoka pwani kwenda juu mlimani, kisha maziwani, kisha Nile, badala ya miaka. Nimejaribu wa miaka ukawa unaruka ruka, mtu anatoka Jinja anarudi Moshi anaenda Jinja tena. Wa safari unatiririka.

Barua kutoka Unguja imefika na boksi la darini limefunguliwa. Kadi ya Dimbani ipo kweli, ya kabla ya 1957, ila iko tupu, haina stempu wala muhuri. Kwa stempu ya 1957 haifai tena, wakati umepita. Nimeomba niinunue hata hivyo. Kama posta itatoa stempu ya msikiti ule siku moja, kadi ya zamani ya mahali palepale inaruhusiwa, na mi ntakuwa kaunta Unguja siku ya kwanza asubuhi.

Bado: Kisumu ya jahazi, Owen Falls ya Aprili 1954, TAZARA yenye treni, na Naivasha ambayo kuna muuzaji wa Hamburg amesema ananitumia picha ya mbele na nyuma wiki ijayo. Fomu ya mashindano pamoja na nakala ya ukurasa wa mpango zinatakiwa mwisho wa Septemba, kurasa zenyewe baadaye. Nikikosa Kisumu ntaweka Mwanza, ile ninayo.